Vipepeo weupe wa Chalbi: ni akina nani, na kwa nini wanapita kwa makundi baada ya mvua?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku North Horr, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Mvua za vuli zilinyesha vizuri, na wiki kadhaa baadaye vipepeo weupe wakaanza kupita mbele ya shule, maelfu kwa maelfu, wote wakielekea kusini-mashariki. Mchana wanatua kwenye tope la birika la ngamia. Kwenye kichaka nyuma ya ofisi ya walimu kumejaa viwavi, na wazazi wanahofia ni viwavijeshi. Wanafunzi wameonywa wasiwashike vipepeo kwa sababu unga wa mabawa yao unapofusha macho. Wazee nao wanasema wakipita hivi, mvua imekwisha. Nimeambatisha picha nne. Katika moja yuko mwenye ncha za rangi ya machungwa, sijui kama ndiye jike. Ni vipepeo gani hawa, wanakwenda wapi, na je, tuwaue?

JIBU: Mwalimu, asante kwa picha na kwa maelezo yaliyopangika. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lisilongoja: msiwaue, wala msipulizie dawa kichaka hicho. Viwavi hao si viwavijeshi. Hawatagusa mtama wa mtu wala malisho ya mifugo. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila wasiwasi, lakini kwanza tumtambue mwenyewe.

Kipepeo aliyejaa katika picha zako anaitwa kitaalamu Belenois aurota. Ni wa familia ya Pieridae, ambayo ndiyo familia ya vipepeo wengi weupe na wa manjano tunaowajua. Jina hilo la aurota alipewa mwaka 1793 na Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmark. Makao yake ni sehemu kubwa ya Afrika, Bara Arabu, na kuendelea mpaka India na Sri Lanka, hasa kwenye nchi kavu zenye vichaka. Akitandaza mabawa, upana wake ni sentimita 4 hadi 5 hivi.

Picha iliyonipa uhakika ni ile ya tatu, ambayo wewe mwenyewe umeandika kwamba haikutoka vizuri, ya kipepeo aliyefunga mabawa kwenye tope. Itazame tena. Upande wa chini wa bawa la nyuma, kila mshipa umefuatwa na mstari wa kahawia iliyokoza, na mistari yote inakwenda kuungana na ukingo wa kahawia ulioko pembeni. Bawa zima limegawanyika vyumba vyumba vyeupe. Sasa rudi kwenye picha ya kwanza, yule aliyefungua mabawa. Kwenye bawa la mbele kuna utepe mweusi unaoanzia ukingo wa juu, unashuka na kujipinda kidogo katikati ya bawa, na kwenye ncha kuna weusi wenye mabaka meupe marefu. Mishipa ya kahawia chini na utepe uliopinda juu vikikutana, kazi ya kumtambua imekwisha.

Nasisitiza hayo mawili kwa sababu ana ndugu wanaofanana naye. Belenois creona naye ni mweupe mwenye ukingo mweusi, lakini mahali pa ule utepe ana doa dogo tu, na mishipa yake upande wa chini haijakoza namna hiyo. Belenois gidica ana bawa la mbele lililochongoka zaidi. Yuko pia Catopsilia florella, ambaye naye husafiri kwa makundi na mara nyingine hupita wakati mmoja na huyu. Huyo ni mkubwa, anaruka kwa nguvu, rangi yake ni nyeupe ya kijani-kijani au manjano, na hana mistari ya mishipa hata kidogo. Kwa hiyo wanafunzi wakitaka kupiga picha kwa simu, wafundishe kupiga kwanza upande wa chini wa mabawa. Upande wa juu unapendeza, lakini wa chini ndio unaosema jina. Wakati mzuri ni jioni wanapojipanga vichakani kulala, au alfajiri kabla jua halijawapasha moto, maana hapo hawakimbii.

Mwenye ncha za machungwa si jike wa huyu. Ni spishi nyingine ya familia hiyohiyo, kutoka kundi la Colotis, ambalo lina spishi nyingi katika nchi kame za Afrika na Uarabuni. Picha yako haionyeshi upande wa chini, hivyo naishia kwenye kundi. Jike wa aurota ni mweupe kama dume, au wa manjano kidogo hasa upande wa chini, na kingo zake nyeusi ni pana zaidi. Katika picha ya nne yuko mmoja wa namna hiyo, wa pili kutoka kushoto.

Sasa tuje kwenye kichaka, kwa sababu hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Ukinipa kipepeo wa jangwani bila mmea wake, umenipa nusu ya jibu. Picha ya viwavi inaonyesha majani membamba, magumu kama ngozi, ya kijani cha kijivu, na matunda madogo ya mviringo. Huo ni mmea wa jamii ya Boscia, na kwa mahali ulipo naamini ni Boscia coriacea. Watu wengi wa kaskazini wanaweza wasiujue kwa jina hilo, lakini mzee yeyote wa Kigabra atakupa jina lake mara moja, na Waturkana ng'ambo ya Ziwa Turkana huuita edung. Kule mbegu zake huliwa baada ya kuchemshwa muda mrefu na kubadilishiwa maji ili uchungu utoke. Ni mmea unaobaki na majani hata kiangazi kikiwa kikali, na mvua ikinyesha huchipua majani laini upesi.

Boscia ni wa familia ya Capparaceae, pamoja na Maerua, Cadaba na Capparis, ambazo zote utazikuta katika nyika za kaskazini. Hiyo ndiyo familia anayoishi nayo kiwavi wa Belenois aurota. Mimea hiyo ina kemikali ziitwazo glukosinolati. Jani likiwa zima, kemikali hizo hukaa kimya. Likitafunwa, hukutana na kimeng'enya kilichohifadhiwa kando ndani ya jani, na papo hapo hutoka mafuta makali yanayochoma. Unaujua ukali huo: ndio ule wa mgagani, mboga ambayo familia yake ni jirani kabisa na hii. Kwa wadudu wengi mafuta hayo ni sumu. Mwaka 2004 watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Jena, Ujerumani, walieleza namna kiwavi wa Pieris rapae, binamu wa huyu anayekula kabichi, anavyoikwepa: tumboni mwake mna protini inayogeuza mkondo wa mchanganyiko huo, zikatoka kemikali zisizo na madhara makubwa badala ya mafuta yale makali. Silaha ya mmea inaishia hapo. Na zaidi ya hapo, harufu na ladha ya kemikali hiyohiyo humwongoza jike. Vipepeo jike wa familia hii hutua kwenye jani, hulipigapiga kwa miguu ya mbele na kulionja kwa miguu hiyo, na wakikosa ladha wanayoitafuta huondoka bila kutaga.

Ndiyo maana nimesema mtama hauko hatarini. Hauna ladha hiyo, na kiwavi huyu hawezi kuuishi. Viwavijeshi ni watoto wa nondo anayeruka usiku, Spodoptera exempta, na chakula chao ni jamii ya nyasi: malisho, mahindi, mtama, mpunga. Wakiwa wengi huwa weusi mgongoni na hutembea ardhini kwa wingi, wakihama kutoka sehemu moja ya malisho hadi nyingine. Hawa wako wamekaa kwenye kichaka kimoja na nyasi zilizo chini yake hazijaguswa, jambo ambalo unaweza kuwaonyesha wazazi kwa macho. Naelewa hofu yao. Nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 waliumiza sana Marsabit, na mtu aliyeona malisho yake yakiisha hawezi kutazama kundi la wadudu kwa utulivu. Waambie hivi: nzige aliyekomaa ana taya za kutafuna, kipepeo aliyekomaa hana. Ana mrija tu wa kunyonya, unaojikunja chini ya kichwa, na kinachopita ndani yake ni maji na utamu wa maua.

Kichaka chenyewe je? Kitavuliwa majani, kitatia huruma kwa muda, kisha kitachipua tena. Boscia na viwavi wake wamejuana zamani sana.

Umeuliza kwa nini wamekuwa wengi ghafla. Hesabu yake ni ya mvua na majani. Eneo lenu hupata mvua chache, chini ya milimita 200 kwa mwaka wa kawaida, na hainyeshi kila mahali. Inaponyesha vizuri, vichaka vyote vya bonde hutoa majani laini kwa wakati mmoja. Jike wa aurota hutaga mayai kwa mafungu, yamesimama wima kwenye jani, kila yai likiwa na mbavu ndogo ukilitazama kwa lenzi. Viwavi hutoka pamoja na hula pamoja. Kwa joto la Chalbi, kutoka yai mpaka kipepeo anayeruka huchukua wiki tatu au zaidi kidogo. Maadui wao, hasa nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili ya viwavi, nao huongezeka, lakini huanza nyuma, na katika msimu mfupi hawapati muda wa kuwafikia. Uzao wa kwanza baada ya mvua huwa na chakula tele na maadui wachache. Wa pili ndio huo uliofunika shule yako.

Hapo ndipo shida inapoanza kwao. Wakati wanapata mabawa, majani laini yamekwisha kuliwa au yamekomaa na kuwa magumu, nao viwavi wachanga hawawezi kuyatafuna. Jike mwenye mayai anazunguka bonde zima bila kupata pa kuyaweka. Kwa maoni yangu, swali la "wanakwenda wapi" linaeleweka zaidi ukilianza upande huu: wanaondoka pasipo na majani. Hakuna mahali pamoja panapowasubiri. Kila jike anayekutana na kichaka kilichochipua njiani husimama na kutaga, na wengine huendelea. Kwenu, kusini-mashariki ndiko uliko Mlima Marsabit na nchi yenye kijani zaidi kuliko Chalbi, kwa hiyo walioshika njia hiyo wana nafasi nzuri. Kipepeo uliyemwona akipita hatarudi. Maisha yake ya utu uzima ni ya wiki chache.

Safari hizi zinajulikana tangu zamani. Mwingereza C. B. Williams, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, mwishoni mwa miaka ya 1920, aliandika kwa uangalifu mkubwa mapito ya vipepeo aliyoyaona Afrika Mashariki, na kazi yake ikawa msingi wa elimu ya uhamaji wa wadudu duniani. Afrika Kusini, aurota huyuhuyu hutoka nyika kavu za magharibi katika miezi ya kiangazi cha huko, Desemba hadi Februari, akapita juu ya Johannesburg kwa mamilioni akielekea upande wa Bahari ya Hindi. Watu husimamisha magari kuwatazama.

Na wanajuaje kushika mwelekeo mmoja siku nzima huku jua likihama? Jibu zuri lilipatikana Panama kwa vipepeo wengine wa familia hii ya Pieridae. Watafiti waliwafungia ndani kwa taa, wakawageuzia saa za mchana na usiku, kisha wakawaachia juu ya ziwa. Vipepeo wakashika njia tofauti na wenzao. Maana yake ni kwamba hulitumia jua kama dira, na wana saa ndani ya mwili inayorekebisha dira hiyo kadiri jua linavyosogea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998, na kwangu ni kati ya mambo ya kustaajabisha kuliko yote kuhusu mdudu mwenye uzito usiofika hata gramu moja.

Kuhusu tope la birika. Hao ni madume karibu wote. Wanafyonza maji ili wapate chumvi, ambayo majani na maua hayawapi vya kutosha. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na ardhi yake ina chumvi inayowavuta hata wafugaji na ngamia wao. Tope lililochanganyika na mkojo wa mifugo lina chumvi zaidi. Ukitaka kuwahesabu dume na jike, hapo pa birika patakudanganya. Hesabu kwenye maua.

Sasa unga wa mabawa. Haupofushi. Ule unga ni magamba madogo sana yanayopangika juu ya bawa, kila moja na rangi yake, na mtoto akimshika kipepeo magamba hubaki vidoleni. Yakiingia jichoni yatawasha kama vumbi lolote linavyowasha, na maji safi yanatosha. Weupe wa familia hii unatokana na kemikali za kundi la pterini, zilizojaa ndani ya magamba hayo kwa punje ndogondogo. Frederick Gowland Hopkins, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929 kwa utafiti wa vitamini, alianza kazi yake ya kisayansi akichunguza rangi hizo za vipepeo. Na asidi ya foliki, vidonge ambavyo wajawazito hupewa kliniki, ina kipande cha pterini ndani ya umbo lake. Wanafunzi wa darasa la juu watapenda kulijua hilo. Onyo la kutowashika libaki, lakini kwa sababu nyingine: kipepeo aliyepoteza magamba mengi na kuchanika bawa hafiki mbali. Viwavi wenye manyoya marefu, wa spishi nyingine, ni jambo tofauti. Hao wasishikwe kabisa, wengine huwasha vibaya.

Kuhusu wazee, naomba usiwapinge. Wameona kweli. Kundi hili huonekana baada ya uzao mmoja au miwili tangu mvua kuanza, wakati majani yameanza kukomaa, na kwa kawaida ya kwenu wakati huo mvua za vuli huwa zinaishilia. Kipepeo haitabiri mvua, ila anafuata kalenda ileile ambayo wazee wamekuwa wakiisoma. Waulize pia ni miaka ipi wanaikumbuka kuwa na makundi makubwa, na kama yalipita njia hiyohiyo. Kwa kaskazini mwa Kenya kumbukumbu za namna hiyo ni haba kwenye maandishi, na majibu yao yana thamani.

Kama unataka darasa lifuatilie, chukueni tawi dogo la kichaka hichohicho lenye viwavi wachache, mliweke kwenye chupa ndogo ya maji ndani ya boksi lililofunikwa chandarua. Zibeni mdomo wa chupa kwa karatasi, la sivyo viwavi watazama. Badilisheni tawi kila siku, na lisiwe la mmea mwingine hata kama wanaonekana wana njaa. Kiwavi akitaka kugeuka atapanda juu, atajifunga kwa uzi mwembamba wa hariri kiunoni, kisha atakuwa pupa. Viwavi wengine watakufa na pembeni mwao vitatokea vifuko vidogo kama punje za mchele: hao ni nyigu niliowataja, na ni somo zuri pia, msivitupe.

Kwa wanaopita, chagueni miti miwili iliyo mbele ya shule, pimeni nafasi kati yake kwa hatua, na mwanafunzi mmoja ahesabu wanaovuka kwa dakika tano, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Andikeni tarehe, saa, mwelekeo kwa dira ya simu, na upepo unatoka wapi. Picha za upande wa chini ziwekeni kwenye iNaturalist, tovuti ya kukusanya picha za viumbe, zikiwa na mahali na siku, na nakala ya hesabu mtumieni kitengo cha wadudu cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Na kama karibu na kisima kuna mti wa mswaki, tumeni mtoto mwenye macho makali akautazame mchana: kuna kipepeo wa kundi la Colotis, Colotis phisadia, ambaye kiwavi wake hula majani ya mti huo, na dume ana rangi ya waridi ya kufifia kwenye mabawa ya mbele. Mkimpata, nitafurahi sana kuona picha yake.